Alienda Kariakoo, hakurudi: mwongozo kamili wa kumtafuta mpagazi au askari wa vita vya 1914–1918

Katika ukoo wetu, Ugogo, kuna maneno matatu ambayo kila aliyewahi kuota moto na wazee ameyasikia: "Alienda Kariakoo, hakurudi." Anayezungumziwa ni baba yake babu yangu. Utotoni nilidhani alipotelea sokoni Dar es Salaam. Ilipita miaka mingi ndipo nikajua kwamba mtaa ule ulirithi jina la kambi ya wapagazi wa jeshi la Mwingereza, Carrier Corps, jina lililozungushwa midomoni mpaka likawa letu. Nairobi nako likawa Kariokor. Babu hakupotelea sokoni, alichukuliwa vitani.

Kama kwenu kuna maneno ya namna hiyo, mwongozo huu ni wako. Nimeuandika kutokana na miaka ya kupekua mafaili, kukosea, kurudi nyuma na kuanza upya. Siahidi kwamba utamwona. Wengi hawakuandikwa popote. Lakini wengi zaidi ya tunavyodhani waliacha alama mahali fulani, na alama hizo hatuzioni kwa sababu tunazitafuta kwa njia ambayo karani wa wakati ule hakuzitumia kuandika.

Daftari liliandikwa kwa ajili ya nani

Usitegemee sensa. Waingereza waliihesabu Tanganyika kwa mara ya kwanza mwaka 1921, vita vikiwa vimekwisha, na Kenya Waafrika walisubiri mpaka 1948 kuhesabiwa kikamilifu. Hesabu zenyewe zilitaka idadi ya vichwa, si majina. Kwa miaka ya vita tunabaki na kumbukumbu za jeshi, za kodi, za kanisa na za mahakama, kila moja ikiwa na shida yake.

Mdachi, yaani Mjerumani aliyeitawala Tanganyika mpaka wakati wa vita, aliwaandika askari wake kwa sababu aliwalipa mshahara na kuwakabidhi bunduki. Wapagazi wake walikuja kwa amri iliyopita kwa akida, msimamizi wa eneo, na jumbe, mkuu wa kijiji, wakabeba mzigo hadi kituo kinachofuata, wakabadilishwa au wakaendelea. Wengi hawakuandikwa hata mara moja. Rugaruga, wapiganaji wasio wa jeshi rasmi waliopigana upande wake, nao hivyo hivyo.

Mwingereza alianzisha kikosi cha wapagazi mwaka 1914 chini ya Oscar Watkins, na mwaka 1916 kikageuzwa kuwa idara kamili ya kazi za kijeshi. Huku mpagazi alipewa namba na kibati cha kuvaa. Sababu ilikuwa fedha: palikuwa na mshahara wa kulipa, posho ya kugawa na blanketi la kuhesabu. Karani alitaka kujua namba fulani iliingia lini, imetoka lini na inadai nini. Jina lilikuwa kishikizo tu cha namba.

Ukilishika hilo mapema, utaacha kutafuta jina na kuanza kumtafuta mtu: alitoka kwa jumbe gani, alichukuliwa msimu gani, na akina nani, akapelekwa upande upi. Jina lije mwisho. Mimi nilianza na jina, nikapoteza miaka miwili.

Jua pia ukubwa wa pengo lenyewe, usije ukadhani ni ukoo wenu tu uliosahaulika. Idadi inayotajwa mara nyingi kwa wapagazi waliokufa upande wa Mwingereza peke yake ni karibu 95,000. Baada ya vita tume ya Waingereza ya makaburi ya vita iliwaandikia wanajeshi wa Kizungu majina yao, mmoja mmoja, lakini wapagazi na askari wengi wa Afrika Mashariki walipewa kumbukumbu ya jumla: masanamu ya Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa. Maandishi ya masanamu hayo yanasema kwamba ukiipigania nchi yako, hata ukifa, watoto wako watalikumbuka jina lako. Chini yake hakuna jina hata moja. Makaburi makubwa ya wapagazi yaliachwa yarudi porini. Mwaka 2021 tume hiyo, ambayo sasa inaitwa Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Kila nikiipita sanamu ile ya askari katikati ya Dar es Salaam, kifua hunibana.

Hatua ya kwanza: kaa na wazee, na usiwasahau watani

Kabla ya intaneti, kabla ya nauli ya kwenda mjini, kaa nyumbani. Chukua daftari moja la kudumu na kinasa sauti cha simu. Omba ruhusa, washa, kisha nyamaza. Ukimuuliza mzee "alienda mwaka gani?" atakujibu "sijui", na mazungumzo yatakufa hapo. Muulize alienda kabla au baada ya tukio ambalo ukoo unalikumbuka. Kwetu Ugogo kipimo ni Mtunya, ile njaa kubwa iliyofuata majeshi kuchukua ng'ombe na nafaka, kisha mvua zikakataa. Kusini watu hupima kwa Maji Maji ya 1905 hadi 1907. Mahali pengi kipimo ni mafua yaliyoua watu mwishoni mwa 1918. Kama alitoka kabla ya Mtunya na mkewe akazikwa wakati wa mafua, tayari una kalenda.

Maswali yaliyonifaa mimi ni haya. Nani alikuja kumchukua, jumbe mwenyewe au askari? Walifungwa kamba au waliitwa barazani? Aliondoka na akina nani, na kati yao nani alirudi? Alimbebea Mdachi au Mwingereza? Kuna kitu kilichorudi: kibati, cheti, medali, blanketi? Kuna mtu aliyewahi kwenda bomani kudai mshahara wake? Swali la wenzake ndilo la thamani kuliko yote, maana aliyerudi ana nafasi kubwa zaidi ya kuwa ameandikwa kuliko aliyekufa.

Kisha watafute watani. Watani ndio wanaoingia msibani na kusema yale ambayo ukoo umeyafunika. Mtani wetu mmoja wa Kinyamwezi, mzee sana, ndiye aliyenieleza kwamba baba yake babu hakuchukuliwa kwa bahati mbaya. Alitolewa badala ya kijana wa nyumba kubwa zaidi. Nyumbani hakuna aliyewahi kulitamka hilo. Na lina uzito kwa mtafutaji, kwa sababu mtu aliyetolewa badala ya mwingine anaweza kuwa aliandikwa kwa jina la yule mwingine.

Waulize na wanawake, tena peke yao. Mke alirithiwa na shemeji mwaka gani, au alirudi kwao? Siku ukoo uliporuhusu mke arithiwe ndiyo siku uliyokubali kwamba mume amekufa. Angalia pia majina ya wajukuu: mahali ambapo mtoto hupewa jina la babu aliyefariki, mtoto wa kwanza kulibeba jina hilo anakuonyesha walipokata tamaa.

Kama kuna karatasi za zamani ndani ya sanduku, zipige picha hapo hapo zilipo kabla hujazikunjua sana. Barua ya Kiswahili iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu usiitupe kando ukidhani ni dua. Mpelekee mwalimu wa madrasa aliyezoea hati za kale. Maakida na wafanyabiashara wengi wa enzi hiyo waliandika hivyo.

Hatua ya pili: mweke kwenye ramani na kwenye kalenda

Vita hivi vilihamahama, na mstari wa mbele ulipopita, mtu yule yule alibadilishiwa bwana. Hapa ndipo watafutaji wengi wanapotea: wanatafuta upande mmoja tu.

Mwaka 1914 na 1915 mapigano yalikuwa pembeni: Tanga mwanzoni mwa Novemba 1914, mpakani Taveta, na maziwani. Karibu nchi yote ilikuwa bado mikononi mwa Mdachi, kwa hiyo mtu wa Tanganyika aliyechukuliwa wakati huo alimbebea Mdachi. Machi 1916 Waingereza na Makaburu wakaingia Kilimanjaro, Aprili wakafika Kondoa, mwishoni mwa Julai Dodoma, Agosti Iringa na Bagamoyo, na Septemba 4 wakaichukua Dar es Salaam. Wabelgiji wakaingia Tabora Septemba 19, 1916, wakitokea Rwanda, Burundi na ziwa Tanganyika. Mwanzoni mwa 1917 majeshi yalikwama kwenye mafuriko ya Rufiji, na wapagazi wakafa kwa njaa na kuhara damu. Oktoba 1917 palikuwa na mauaji makubwa Mahiwa, nyuma ya Lindi. Novemba 25, 1917 Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Mdachi, akavuka Ruvuma kuingia Msumbiji kwa Wareno, akarudi kupitia Songea na Njombe mwaka uliofuata, na akasalimisha silaha Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, Novemba 25, 1918.

Sasa mchukue mtu wako. Mnyamwezi wa Tabora anaweza kuwa alimbebea Mdachi hadi Septemba 1916, Mbelgiji miezi iliyofuata, kisha Mwingereza mwaka 1917. Mtu mmoja, serikali tatu, maandishi ya aina tatu. Mchaga aligeuziwa bwana Machi 1916. Mgogo kama wetu, kati ya Julai na Agosti mwaka huo. Mkikuyu, Mkamba au Mjaluo alikuwa upande wa Mwingereza tangu mwanzo, ila kuchukuliwa kwake kabla au baada ya msako mkubwa wa 1917 kunabadilisha kila kitu, maana katika msako huo watu zaidi ya 100,000 walikusanywa Kenya kwa miezi michache tu na makarani hawakuweza kwenda na kasi ile.

Kama wazee wanasema alifuata Mdachi hadi mwisho, ujue kwamba walionusurika, wakiwemo askari 1,168, walipelekwa Tabora na kuwekwa kizuizini, na mafua yakawakuta huko. Wengi waliovuka pori lote la Msumbiji wakiwa hai walifia kwenye kambi hiyo vita vikiwa vimekwisha. Familia yenye maneno "alionekana Tabora" isiyapuuze.

Chora ramani yako kwa mkono, ukiandika tarehe kando ya kila mji. Kazi ya jioni moja tu, lakini itakuokolea miezi.

Hatua ya tatu: livunje jina

Jina ulilonalo ni la nyumbani. Jina la daftarini ni sauti iliyopita kwenye sikio la mgeni, ikaandikwa kwa haraka, ikanakiliwa na mtu mwingine, kisha ikapigwa taipu na wa tatu.

Karani wa Mdachi aliandika sauti zetu kwa herufi za kwao. Juma kwake ni Dschuma, kwa sababu j yetu aliiandika "dsch". Ch yetu ni "tsch", sh ni "sch", y ni "j", na z mara nyingi ni "s". Ndiyo maana Uzaramo utaukuta Usaramo, na Unyamwezi ni Unjamwesi. Ukitafuta kwa tahajia ya leo hutapata kitu.

Upande wa Mwingereza shida ni nyingine. Karani mara nyingi hakuwa Mwingereza. Alikuwa Mhindi, Mswahili wa pwani, Mganda au kijana wa misheni, na kila mmoja alisikia kwa sikio la lugha yake. R na l hubadilishana, d huwa t, v huwa b au f. Sauti ambazo karani hakuwa nazo ziliumia zaidi. Jina la Kigogo au Kisukuma linaloanza na Nh linaweza kuandikwa kwa N tu, kwa H tu, au hata kwa T. Ng' ikawa Ng, au N, au ikatoweka. Mwanzo wa jina kama Mwa-, Nya- na Chi- unaweza kukatwa kana kwamba haukuwa sehemu ya jina.

Njia yangu ni kuchukua mifupa ya jina. Toa irabu zote, baki na konsonanti. Kisha andika kila konsonanti pamoja na jamaa zake: r na l, d na t, b na p na v na f, k na g, s na z. Unda kila tahajia inayoweza kutoka hapo, ukianza na za Kidachi. Kwa jina la silabi tatu nilipata tahajia 22, nikazibandika ukutani. Mahali ambapo mfumo wa kutafuta unaruhusu nyota badala ya herufi, weka nyota kwenye irabu.

Halafu kuna majina yasiyo na uhusiano wowote na la nyumbani. Kambini watu walipewa au walijipa majina ya Kiswahili: Juma, Hamisi, Baraka, Feruzi. Mtu aliyewahi kutoroka akakamatwa tena alikuwa na sababu nzuri ya kujiita mwingine, na akapewa namba mpya. Kabila nalo liliandikwa kwa kukisia. Wapagazi wa bara waliitwa Wanyamwezi hata kama walikuwa Wagogo, Wanyaturu au Wasukuma, na watu wa magharibi ya ziwa Tanganyika wakaitwa wote Wamanyema. Usimkatae mtu kwa sababu ya kabila lililoandikwa. Wilaya na jumbe ni vya kuaminika zaidi, maana huko ndiko lawama na malipo vilikorudi.

Hatua ya nne: nenda kwenye nyaraka

Anza na ile isiyo na nauli. Tume ya Makaburi ya Vita ina hazina ya majina mtandaoni, wazi kwa kila mtu. Wapagazi ni wachache humo, lakini askari wa Keya, yaani KAR, jeshi la Waafrika chini ya Mwingereza, na watumishi wengine wamo. Kosa la kawaida ni kujaza jina la kwanza na la ukoo kwenye visanduku vyake kama tunavyojaza leo. Mwafrika aliyeandikwa kwa jina moja huwekwa kwenye kisanduku cha jina la ukoo, na la baba linaweza kuwa limefichwa kwenye maelezo ya ziada. Jaribu kila kipande cha jina katika kila kisanduku. Kisha acha jina kabisa, tafuta kwa kikosi, nchi na miezi, usome orodha nzima. Inachosha, lakini ndivyo wengi walivyopatikana.

Pili ni Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Tanzania ziko Upanga, Dar es Salaam, na humo mna mafaili ya Mdachi pamoja na ya Mwingereza. Kenya ziko katikati ya Nairobi, Moi Avenue. Zanzibar ziko Kilimani. Nenda na kitambulisho na barua ya utambulisho, na uulize mapema kuhusu kibali na ada. Usimwambie mhudumu "namtafuta baba yake babu." Mwambie: "Naomba mafaili ya wilaya fulani, 1916 hadi 1922, yanayohusu upagazi, mishahara isiyodaiwa, kodi ya kibanda, na taarifa za mwaka za ofisa wa wilaya." Mafaili yamepangwa kwa ofisi iliyoyaandika, kwa hiyo jiulize kila mara ni ofisi gani ingejali habari ya mtu huyu.

Mishahara isiyodaiwa ni mlango mzuri kuliko unavyofikiri. Mtu akifa, fedha yake ilibaki kwenye hesabu, na hesabu isiyofungwa huwasumbua wahasibu miaka mingi. Baada ya vita mzozo wa fedha hizo uliendelea kwa muda mrefu, Watkins mwenyewe akiwa mmoja wa waliodai zilipwe. Ndugu wengi hawakupata kitu. Lakini barua za kuvutana zilibaki, na mara nyingine zinataja wilaya, machifu na idadi.

Tatu, Uingereza. Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka iliyoko Kew, London, ina orodha ya mafaili mtandaoni ambayo unaweza kuipekua bure. Shajara za vita za vikosi vya Afrika Mashariki zimo katika kundi WO 95, barua za serikali ya Kenya katika CO 533, na za Tanganyika tangu 1916 katika CO 691. Shajara hazitaji wapagazi kwa majina, lakini zinasema kikosi fulani kiliondoka Dodoma siku gani na wapagazi wangapi, na wangapi walibaki njiani. Kama una mwezi na mahali, shajara itakuonyesha njia aliyoipita.

Nne, Ujerumani. Nyaraka za wizara ya makoloni ziko Berlin-Lichterfelde, kundi R 1001, na sehemu kubwa inasomeka mtandaoni. Za jeshi lenyewe zimeumia: hifadhi ya jeshi ya Potsdam ilipigwa mabomu Aprili 1945, na mengi yakateketea. Kwa askari wa Mdachi matumaini mengine ni malipo ya baadaye. Mwaka 1964 serikali ya Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari wazee waliokuwa bado hai. Inasimuliwa kwamba Mwanza walijitokeza mamia, wachache tu wakiwa na vyeti, na wengine wakathibitishwa kwa kupewa fimbo ya ufagio na kuamriwa gwaride kwa Kijerumani. Kama babu yenu aliishi hadi miaka ya sitini na alikuwa askari, waulize wazee kama aliwahi kuitwa kulipwa.

Usiache pia gazeti la Kiongozi, lililochapishwa Tanga kwa Kiswahili tangu 1904 hadi wakati wa vita. Walimu na makarani waliliandikia habari za wilaya zao. Ukoo uliokuwa na kijana msomi wakati ule unaweza kumkuta humo.

Hatua ya tano: kanisa, kadhi na wajane

Misheni ziliandika watu kwa uangalifu kuliko jeshi. Bagamoyo Wamisionari wa Roho Mtakatifu walikuwepo tangu 1868. Waanglikana wa UMCA, misheni ya vyuo vikuu vya Uingereza, walikuwa Zanzibar, Magila na Masasi. Walutheri walikuwa Kilimanjaro, Wamoraviani kusini na magharibi. Mwaka 1916 askofu Frank Weston wa Zanzibar aliongoza yeye mwenyewe kikosi cha wapagazi, na mwaka 1917 misheni za Wakikuyu zilitoa kikosi chao chini ya daktari John Arthur. Kama mtu wako alikuwa mkristo au alitoka kijiji cha misheni, anza huku. Nyaraka za UMCA ziko Oxford, katika maktaba ya Bodleian.

Daftari la ubatizo linataja wazazi. La ndoa ndilo ninalolipenda zaidi: mwanamke anayeolewa tena mwaka 1920 huandikwa mjane, na mara nyingine mumewe wa kwanza anatajwa. Tafuta jina la mke kwa bidii ile ile unayotafuta la mume. Uwe tayari kukuta kurasa zilizokatika, kwa sababu wamisionari Waingereza walifungwa na Mdachi tangu mwanzo wa vita, na baadaye wamisionari Wajerumani wakaondolewa na Mwingereza. Miaka hiyo waalimu wa Kiafrika ndio walioshikilia makanisa, wakiandika kwenye madaftari yao wenyewe. Uliza familia za waalimu wa zamani.

Kwa Waislamu mlango ni mahakama ya kadhi. Mke ambaye mume ametoweka hawezi kuolewa tena mpaka jambo liamuliwe, kwa hiyo alikwenda kwa kadhi na mashahidi, akaeleza mume aliondoka lini na nani alimwona mara ya mwisho. Mirathi ya mtu asiyejulikana kama yu hai nayo ilipita hapo. Pwani na Zanzibar usipite bila kuuliza.

Hatua ya sita: lisome pengo lenyewe

Orodha za kodi ya kibanda za kabla na baada ya vita, zikiwekwa kando kwa kando, huonyesha nyumba zilizobaki bila mwanamume. Taarifa za ofisa wa wilaya husema walichukuliwa wangapi na walirudi wangapi. Hospitali za wapagazi ziliandika vifo kwa sababu: kuhara damu, homa ya mapafu, malaria. Watu waliozoea ndizi au wali walipewa unga wa mahindi usioiva vizuri, matumbo yakaharibika, wakafa kabla ya kuona vita. Ukijua kundi la jumbe wenu lilipelekwa wapi na hali ilikuwaje huko, una habari ya kweli ya babu hata kama jina lake halipo. Iandike hivyo hivyo: "kundi lake", siyo "yeye".

Hatua ya saba: usimkubali mtu kwa ishara moja

Hapa nakuomba unisikilize vizuri, kwa sababu niliumiza watu. Katika orodha moja ya wagonjwa nilikuta jina lililofanana na la baba yake babu, kabila Mgogo, amekufa 1917. Nililia. Nikawapigia simu nyumbani siku ile ile, wakakaa kikao, wakachinja. Miezi kadhaa baadaye nikakuta namba ile ile kwenye karatasi nyingine: mtu yule aliingia kambini akitokea wilaya tofauti, wakati ambao wetu, kwa ushahidi wa wazee wote, alikuwa bado nyumbani. Nilimlilia babu wa watu wengine.

Tangu hapo nina sharti: ishara tatu zisizotokana na chanzo kimoja. Jina linalokubalika kimatamshi ni moja. Jumbe au wilaya ni ya pili. Ya tatu iwe wenzake aliochukuliwa nao, au mwezi unaolingana na ramani, au baba yake, au alama mwilini kama imeandikwa. Zikiwa mbili, andika "huenda" kwa penseli, na usipige simu nyumbani. Zikiwa tatu, mpe mtu mwingine wa ukoo, asiye na haraka, azijaribu kuzivunja.

Kila unachokipata kiandikie ofisi, namba ya faili, ukurasa na tarehe uliyokiona, na upige picha ya ukurasa mzima, siyo mstari mmoja. Majirani wa jina hilo kwenye ukurasa ndio wenzake wa safari. Ukishakuwa na ushahidi kamili wa mtu aliyekufa akitumika, uupeleke kwa Tume ya Makaburi ya Vita. Wanapokea maombi ya kuongeza majina. Peleka nakala za nyaraka pamoja na simulizi ya ukoo iliyoandikwa na kutiwa sahihi na wazee, ukitenganisha wazi kipi kimeonwa kwenye karatasi na kipi kimesikiwa.

Wetu nilimpata kupitia wenzake wawili waliorudi. Namba zao zilifuatana, na kati yao kulikuwa na namba ya tatu, jumbe yule yule, siku ile ile ya kuingia. Kwenye safu ya kutoka hapajaandikwa kitu. Nilimpelekea shangazi nakala ya ukurasa ule. Aliweka kidole kwenye jina, akalisoma polepole kama lilivyoandikwa, akaomba kalamu. Akaongeza h iliyokosekana.